Kadi ya Kliniki Haikupotea, Mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miezi kumi. Sindano za wiki ya 14 zilimletea homa, nikakesha naye peke yangu, mume wangu akiwa safarini. Kwenye grupu la WhatsApp wakasema sindano ya surua inaleta usonji, nikaamua asichomwe. Kadi nayo imepotea. Mama mkwe amekuja kukaa nasi, wimbo wake ni hiyo kadi, mpaka analia. Juzi kambeba mtoto kimyakimya kwenda zahanati, nikamnyang'anya njiani. Mume anamtetea. Nirudi kwetu? – Mama Mwenye Uchungu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule. Kichanga akiwaka homa na baba yake hayupo, saa moja huwa ndefu kama mwaka.

Sasa tuseme kweli. Mama anayekumbuka hadi wiki aliyochomwa mwanawe hapotezi kadi. Umeificha. Surua unaisingizia tu. Unachokiogopa ni kuachwa tena peke yako usiku na mtoto anayechemka. Hilo lilikuwa la kumwambia mumeo, tena zamani.

Hayo ya usonji yana mwenyewe: Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1998 kuhusu watoto 12. Mwaka 2010 jarida lililochapisha makala yake liliifuta, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na wakwe wa kwenye simu. Hujui sura zao, hawajawahi kumwogesha mwanao, na akiugua hawatakuja, lakini neno lao linapita la mwanamke aliyemlea mumeo mpaka akawa mume! Nyumba ngapi nimeona zikivunjika hivi.

Na huyo mama, umewahi kumuuliza anamlilia nani? Mtu mzima halilii karatasi. Mimi ni wa rika lake, na surua tunaijua: macho mekundu, kikohozi, upele unaoshuka kutoka usoni, kisha kichomi. Wengine walipona wakiwa vipofu. Wengine tuliwazika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mkweo ni mzazi kabla yako. Alikosea kutoaga, namwambia hata yeye. Lakini njiani mwenye haki alikuwa yeye.

Kinga uliyompa mtoto tumboni hupungua, ndiyo maana chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9, kisha miezi 18. Wako amechelewa mwezi mmoja tu, hajapitwa. Mweleze muuguzi habari ya ile homa. Homa ya chanjo hii ikija, mara nyingi huja baada ya wiki moja hivi, basi usije ukashtuka siku ya nane. Mumeo apange kuwepo siku hizo. Kumtetea mama yake kwa maneno hakutoshi.

Kwenu usirudi. Itoe kadi ulikoiweka, umpe mama mkwe mkononi, umwombe radhi kwa kumnyang'anya mjukuu mbele za watu. Kesho asubuhi mwende zahanati pamoja, na njiani umuulize, taratibu, kuhusu huyo anayemlilia.