Kibali cha kumwaga zege nyumbani

Umeuliza kama unahitaji kibali ili kumwaga zege la sakafu ya nje na la msingi wa chumba cha nyongeza. Kwa kawaida kazi hizi mbili hazihesabiwi sawa. Sakafu ya kukanyagia tu, iliyolala juu ya ardhi bila kubeba ukuta wala paa, mara nyingi husamehewa kibali, ilhali msingi, nguzo, boriti na ukuta mrefu wa kuzuia udongo huhitaji michoro iliyoidhinishwa, kwa sababu vikishindwa huanguka na watu. Njia ya gari inayoungana na barabara ya umma huweza kudai kibali chake cha pekee, hata kama ni zege jembamba.

Jambo ninalokusihi usilipuuze ni ukaguzi wa kabla ya kumwaga. Mkaguzi wa ofisi ya ujenzi anataka kuona mtaro wa msingi ukiwa wazi, nondo zimefungwa na kuinuliwa juu ya vijitofali vidogo vya zege, si kulazwa kwenye udongo, kwani zege linalomwagwa moja kwa moja juu ya udongo hutakiwa kuzifunika nondo kwa takriban milimita 75 ili zisishike kutu. Ukishamwaga, hayo yote yamefichika, na unaweza kuamriwa ubomoe. Kwa hiyo usiagize zege kabla mkaguzi hajatia saini, na uwaulize mapema ofisi ya ujenzi ya eneo lako, ukiwa na mchoro unaoonyesha vipimo na umbali kutoka mpakani.