Baka la kuzaliwa halitoki kwa kichupa

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka sita. Alizaliwa na baka jeusi shavuni, karibu na sikio. Sasa limefikia ukubwa wa kiberiti na limeota nywele. Jirani kaniletea kichupa cha dawa kutoka Kariakoo, anasema ukipaka siku tatu linakauka na kubanduka lenyewe. Ndugu nao wananikataza kwenda hospitali, eti kisu kinaamsha saratani. Januari anaanza darasa la kwanza na watoto wa mtaani wameshaanza kumcheka. Je, hiyo dawa si afadhali kuliko kisu? (Mama, Mbagala)

JIBU: Marahaba, mama. Usipake. Kama umeshapaka, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka na umpeleke hospitali leo hii.

Nywele zisikutishe. Baka la aina hii huota nywele, huinuka na kukwaruza kidogo, na hupanuka kadiri mtoto anavyokua. Kwa ukubwa uliousema, uwezekano wa kugeuka saratani ni mdogo sana. Tunaowafuatilia kwa karibu ni wale ambao baka lao litavuka sentimita 20 wakishakuwa watu wazima, lile linalofunika mgongo au makalio kama kaptula. Binti yako hayumo humo.

Sasa hicho kichupa. Nimeshawekewa vingi mezani: kizibo cha mpira, karatasi iliyoandikwa kwa mkono "mitishamba", na ukikifungua tu pua inawaka. Mti gani huo? Vingi ni tindikali au soda kali, ndugu wa maji ya betri na dawa ya kuzibulia sinki.

Seli zinazotia weusi hazikai juu ya ngozi tu, zinashuka na mashina ya nywele hadi ndani kabisa. Tindikali inakula tabaka la juu, gamba linabanduka, mama anashangilia, muuzaji anapata wateja wengine watatu. Miezi ikipita, weusi unarudi kutoka chini. Kuna mtoto nilimpokea akiwa na kovu linalong'aa, gumu ukiligusa kama ngozi ya kiatu, na katikati yake vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyomwagika. Tulikata kipande kikaenda maabara. Daktari wa patholojia akanipigia simu: "Huyu alipakwa nini?" Maana seli zinazoota upya ndani ya kovu, chini ya darubini, zinaweza kufanana na melanoma, saratani yenyewe ya seli hizo. Mama alikuwa ameniambia hajapaka kitu. Ilibidi nimrudie mara ya pili, kwa upole, ndipo akasema. Na ngozi zetu nyeusi, ukizichoma, ni nyepesi kufanya keloidi. Unaweza kubadilisha baka laini kwa kovu lililovimba, nalo watoto watalicheka vilevile.

Kuhusu kisu kuamsha saratani: si kweli, na natamani ningeifuta kauli hiyo mtaani kwa siku moja. Naijua inakotoka. Mtu anakaa na uvimbe miaka miwili, anapaka, anachanjwa chale, anafika hospitali ugonjwa umeshaingia kwenye tezi za kinena. Anakatwa. Miezi mitatu baadaye anafariki, na msibani lawama zote anabebeshwa daktari. Ile miaka miwili ya kichupa haitajwi.

Tena watu wazima ndio wanaoniogopesha zaidi. Kichupa hichohicho kinapakwa saluni kwenye vidoti vya usoni na vinyama vya shingoni, ambavyo kwa kawaida havina madhara yoyote zaidi ya kumkera mwenyewe. Halafu anakuja mwenye doa jeusi kwenye unyayo, naye anaambiwa ni chunjua, paka. Kwa sisi weusi melanoma hupenda hukohuko: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia chini ya kucha ya kidole cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Unapochoma doa la namna hiyo unachoma na ushahidi. Hakuna kipande cha kupeleka maabara, na juu panaonekana pamepona.

Kwa binti yako hakuna dharura. Omba rufaa hospitali ya Temeke, ni karibu nawe, mfike kliniki ya ngozi Muhimbili. Baka la ukubwa huo linaweza kutolewa kidogokidogo, sehemu moja leo na nyingine baada ya miezi, ngozi ikishalegea, na kila kipande kinapimwa. Kovu litabaki, asikudanganye mtu, ila ni mstari. Wa kukuambia kwamba leza italimaliza lote, mwulize seli za chini zinakwenda wapi. Nywele zipunguze kwa mkasi, haina neno.

Leo piga picha ya baka, rula ikiwa pembeni, na urudie kila baada ya miezi michache. Ukiona kinundu kipya, kidonda kisichofunga, damu, au upande mmoja kubadilika rangi ghafla, usingoje tarehe ya kliniki. Lipapase pia kwa kidole, kuna uvimbe unaoanzia chini usiouona kwa macho.

Na kichupa kama bado kiko ndani, usikiache uvunguni. Tunapokea watoto waliokunywa vitu vya namna hiyo wakidhani ni soda.