Wajawazito wa ng'ambo ya mto hawaji kliniki: anzia huku

Pole na kazi, dada. Umesema wajawazito wa kitongoji cha ng'ambo wanafika zahanati mimba ikiwa na miezi saba, wengine wanajifungulia nyumbani, na mahubiri ya kila mkutano hayajasaidia. Nimefanya kazi mahali kama hapo miaka kadhaa.

Usiende kufundisha kwanza, nenda kasikilize. Sisi tulidhani tatizo ni mto. Tulipokaa jamvini na kina mama, bila daftari, mmoja akasema: "Mkiniambia nije na mume, nami sina, nije na nani?" Kumbe kituo kilikuwa kikiwarudisha waliokuja peke yao! Tuliacha kuwarudisha wiki ileile. Mwalike baba, lakini asiwe tiketi ya mama kuhudumiwa.

Mkunga wa jadi usimfukuze. Akiheshimiwa, yeye ndiye atakayemsindikiza mama kwako. Ongea na VICOBA chao, yaani kikundi chao cha kuweka na kukopa, mfuko wake wa jamii utenge nauli ya uzazi, na mkubaliane bei na bodaboda wawili kabla ya masika, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Fedha washike wanakikundi, si wewe. Huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata kwao, ipange siku ya gulio.

Ila damu ikitoka, degedege, au kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, hapo hakuna kikao: pigeni 115, namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito hapa Tanzania, ni bure, na umjulishe daktari wa kituo cha rufaa.