Kabla hujaandika "Kiebrania" kwenye kadi

Wiki yangu ya kwanza kazini nilipewa sanduku la vijitabu na magazeti ya Wayahudi wa Polandi, ya miaka ya 1920 na 1930, niyaorodheshe. Kila karatasi niliyoitoa ilikuwa na herufi za Kiebrania, basi kila kadi nikaijaza hivyo: "Lugha: Kiebrania." Nilipofika kadi ya arobaini hivi, mzee aliyekuwa akinisimamia akachungulia tatu tu, akanirudishia rundo zima. Karibu zote zilikuwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, jamaa ya Kijerumani, inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania.

Aibu yake ni kwamba sisi ndio hasa hatukupaswa kuteleza hapo. Mgeni akishika utenzi wa Lamu ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, akasema "hiki Kiarabu", tunamcheka. Nami nilifanya hivyohivyo.

Kwa hiyo wewe unayeanza kusoma habari za Wayahudi wa kati ya vita kuu mbili, anza na macho kabla ya nadharia. Tafuta herufi ayini (ע). Kiebrania kwa kawaida huandika konsonanti, irabu nyingi unazijaza mwenyewe kichwani. Kiyidishi huandika irabu zake, na ayini ndiyo inayoshika nafasi ya "e". Ukurasa ukiwa umejaa ayini, na kineno "un", yaani "na", kinajirudia kila baada ya mstari, hapo huna haja ya kumuuliza mtu.

Ukishazoea hilo, tahajia yenyewe itaanza kukupa habari. Chukua neno "emes", ukweli. Kiyidishi kimelitoa kwenye Kiebrania, na huko Warsaw, mji mkuu wa Polandi, waliliandika kama Kiebrania kinavyoliandika: alefu, memu, tavu. Lakini lilikuwepo gazeti la kikomunisti Moscow lililoitwa Der Emes, na jina lake liliandikwa kama linavyotamkwa, na ayini mbili. Wasovieti walitaka Kiyidishi kisicho na harufu ya sinagogi. Kwa hiyo hata kabla hujasoma habari yenyewe, jina tu la gazeti limeshakuambia mwandishi anakaa upande gani wa mpaka.

Mnaniuliza kila mara kwa nini nang'ang'ania lugha. Kwa sababu miaka ile lugha ilikuwa kama kadi ya chama. Shule za Tarbut zilifundisha kwa Kiebrania, nazo zilikuwa za Wazayuni, wale waliotaka makao ya Wayahudi Palestina. Shule za mtandao wa TSYSHO, ulioundwa 1921, zilifundisha kwa Kiyidishi, na nyuma yake walikuwa Bund, chama cha wasoshalisti wa Kiyahudi, pamoja na wenzao wa mrengo wa kushoto. Wacha Mungu wa chama cha Agudat Israel walikuwa na shule zao za wasichana, Beys Yankev, zilizoanzishwa na Sarah Schenirer mjini Kraków mwaka 1917. Ila usisahau kwamba watoto wengi wa Kiyahudi walikwenda tu shule za serikali na kusoma kwa Kipolandi, kwa sababu hazikuwa na ada.

Kisha kanuni hiyo itakuvunjikia mkononi. Haynt, gazeti kubwa la Warsaw, lilikuwa la Kizayuni na liliandikwa kwa Kiyidishi, maana ndicho wasomaji walichokijua. Nasz Przegląd nalo lilielemea Uzayuni, kwa Kipolandi. Jibu la lugha usilichukue kama hukumu. Lichukue kama swali la kwanza.

Mahali ambapo wageni huumia zaidi ni sensa ya 1931. Polandi ilihesabu Wayahudi milioni 3.1, karibu mtu mmoja katika kila kumi. Kati yao asilimia 80 hivi walitaja Kiyidishi kuwa lugha ya mama, asilimia 12 Kipolandi, na karibu asilimia 8 Kiebrania. Hiyo ya mwisho ni zaidi ya watu 240,000. Nami nilianza kuwaza nyumba zote hizo za Polandi mama anamwimbia mtoto kwa Kiebrania! Hapana. Safari ile serikali haikuuliza taifa la mtu, kama ilivyouliza 1921. Iliuliza dini na lugha. Wazayuni wakawahimiza watu wao wajibu "Kiebrania". Safu ile mimi naisoma kama matokeo ya kura.

Majina ya miji yanataka uvumilivu. Wilno, Vilne, Vilna na Vilnius ni mji mmoja. Lwów, Lemberg na Lviv ni mji mmoja. Andika yote kwenye kadi, usichague.

Ukifika kwenye habari za wapi Wayahudi walihamia kutafuta makazi, usikimbilie Palestina peke yake. Ni kweli mwaka 1935 waliingia huko wahamiaji wa Kiyahudi zaidi ya 60,000, na ni kweli sheria ya Marekani ya 1924 ilikuwa imeufunga ule mlango mwingine mkubwa. Lakini wakati huohuo Wasovieti walikuwa wakiwapa Wayahudi mashamba Crimea, na kuanzia 1928 wakawapeleka Birobidzhan, karibu na mpaka wa China, ambako mpaka vita vinaanza hawakufika hata robo ya wakazi. (Na ule mpango wa Waingereza wa 1903 wa kuwapa Wayahudi makazi Afrika Mashariki, unaoitwa "wa Uganda", eneo lenyewe lilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Mtu wa kwetu akikosea hilo mimi husikitika.) Bund nao walisema hatuendi popote. Neno lao lilikuwa "doikayt", kutokana na "do", hapa. Kwetu tungesema uhapahapa. Mwishoni mwa 1938, katika uchaguzi wa madiwani Warsaw na Łódź, Bund ndio waliopata viti vingi kuliko vyama vingine vya Kiyahudi.

Ukichoka na vyama, nenda kwenye wasifu wa vijana. YIVO, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa Wilno mwaka 1925, iliwaita vijana waandike maisha yao kwa mashindano, mara ya kwanza 1932, kisha 1934, kisha 1939. Waliletewa zaidi ya 600, wengi kwa Kiyidishi, wengine kwa Kipolandi, wachache kwa Kiebrania. Sehemu kubwa ya yaliyonusurika iko New York, ambako YIVO ilihamishia makao yake 1940. Humo utamkuta kijana ameanza na Wazayuni, katikati yuko na wakomunisti, ukurasa wa mwisho hana chama, anatafuta kazi. Kwenye kadi acha nafasi ya chama wazi. Anza na yale ya Kiyidishi, hata kama ni ukurasa mmoja kwa siku. Mimi ule wa kwanza ulinichukua siku nne.