Barua kwa Mwanangu: Kilichowapeleka Wahadendoa Vitani

Mwanangu Salma,

Salamu za nyumbani umekwisha kuzipata kwa shangazi yako, kwa hiyo naliendea swali lako. Umeniuliza iwapo Wahadendoa wa mashariki ya Sudan walipigana na Waingereza mwaka 1884 kwa ajili ya dini peke yake.

Dini iliwaunganisha, lakini manung'uniko yalikuwepo kabla jina la Mahdi, kiongozi wa dini aliyeanzisha uasi dhidi ya utawala wa Misri nchini Sudan, halijasikika milimani kwao. Wahadendoa ni tawi la Wabeja, wafugaji wanaohamahama kati ya milima ya Bahari ya Shamu na delta ya mto Gash, karibu na Kassala. Njia ya misafara kutoka Suakin, mji wa kisiwani wenye nyumba za mawe ya matumbawe kama zile za Lamu, hadi Berber kwenye mto Nile, ilipita katika nchi yao, na mizigo ilibebwa na ngamia wao. Serikali ya Kimisri, iliyokuwa ikiitawala Sudan wakati ule, iliwatoza kodi nzito, na inasimuliwa kwamba maofisa wake walipowakodi kusafirisha jeshi waliwalipa sehemu ndogo tu ya ujira waliokubaliana. Osman Digna, mfanyabiashara wa Suakin aliyetumwa na Mahdi mwaka 1883, aliwakuta wamekwisha kuchoka. Usimpambe mno, lakini: jamaa zake walifanya biashara ya watumwa, na Waingereza walipoibana, yeye naye alipata hasara.

Wala si Wabeja wote waliomfuata. Sheikh Tahir al-Majdhub, kiongozi wa tarika ya Majdhubiyya, alimuunga mkono, ilhali wafuasi wa tarika ya Khatmiyya, waliokuwa wengi miongoni mwa Beni Amer, tawi jingine la Wabeja, walielemea upande wa serikali. Wanaosimulia habari hii kana kwamba Wabeja walikuwa kitu kimoja wanairuka sehemu yake iliyo ngumu.

Mwezi Februari 1884, huko El Teb, wapiganaji wa Osman Digna waliliangamiza jeshi la Kimisri la watu wapatao 3,500 lililoongozwa na Baker Pasha, ofisa Mwingereza, na zaidi ya 2,000 wakauawa. Tarehe 13 Machi, huko Tamai, askari wa Kiingereza walijipanga kwa umbo la mraba, bunduki zikielekea kila upande. Safu ya mbele iliposonga kwa pupa, pengo likabaki nyuma yake, moshi wa baruti ukatanda, na Wahadendoa waliokuwa wamejibanza korongoni wakachomoka na mikuki, panga na ngao za ngozi, wakaingia ndani ya mraba. Kikosi cha pili ndicho kilichowaokoa Waingereza, na mwisho wa siku uwanja ukawa wao.

Osman Digna alikamatwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1926, baada ya miaka mingi kifungoni. Hata hivyo, kwa maoni yangu, pigo zito zaidi lilikuja bila risasi, pale kampuni ya pamba ilipopewa mashamba ya delta ya Gash katika miaka ya 1920 na mifugo ikazuiwa kufika kwenye malisho yake ya kiangazi. Wahadendoa walilalamika mpaka serikali ya kikoloni ikaiondoa kampuni ile na kuihamishia Gezira, kusini ya Khartoum, ingawa pamba yenyewe ilibaki.

Mama yako