Jibu: Striga kwenye mahindi, kuvu wa udongoni wanasaidia kweli?
Ndugu yangu wa Tororo, umeuliza kama kuvu wa udongoni wanaweza kupunguza striga, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ama ni stori tu. Si stori. Hindi likikosa fosforasi, mizizi yake inatoa kemikali ya kuita kuvu wazuri, wale wenye nyuzi nyembamba sana wanaoingia kwenye mzizi na kuuletea chakula toka mbali, sasa shida mbegu ya striga, ndogo kama vumbi, nayo inasikia wito huohuo, inaamka na kujibandika hapohapo! Lakini kuvu wakishaingia vizuri mzizi unapunguza kuita, na striga nyingi zinabaki zimelala.

Ndo maana mimi napinga sana kulima kulima ovyo, unakata zile nyuzi bure. Weka samadi, panda maharage ama kunde katikati ya mahindi. Kabichi hazishikani na hao kuvu, na dodo (mchicha) nazo karibu hivyohivyo, kwa hiyo usizirudie msimu baada ya msimu shamba lilelile.

Na tafadhali ng'oa striga mara tu uonapo maua ya zambarau, mmea mmoja unamwaga maelfu ya mbegu na zinaweza kukaa udongoni hata miaka 10. Tuma picha ya shamba tuone.