Kabla ya Kung'oa Zulia la Ofisi, Jua Kilicho Chini Yake

Tangu Marekani isimamishe fedha za USAID mapema mwaka wa 2025, mashirika kadhaa ya afya hapa Kisumu yamefunga ofisi au kuhamia sehemu ndogo. Kazi yangu ni kusimamia majengo na vifaa vya ofisi, na nimeshakabidhi ofisi za kila aina mjini humu, kuanzia majengo ya zamani ya Oginga Odinga Street hadi nyumba za Milimani zilizogeuzwa kuwa ofisi. Linaloniuma ni kuona mpangaji mwaminifu, aliyelipa kodi miaka yote bila kuchelewa, akipoteza dipoziti ya miezi mitatu kwa sababu ya sakafu. Mara nyingi hakukataa kuitengeneza. Alianza kubomoa kabla ya kujua anadaiwa nini.

Anza na mkataba. Tafuta kifungu kinachosema jengo lirudishwe katika hali gani, kisha tafuta barua ya ruhusa uliyopewa ulipoweka zulia au vigae, maana masharti mengine hukaa kwenye barua hiyo. Mikataba mingi ya ofisi huwa ya miaka 5 na miezi 3, au ya miaka 6, na mara nyingi hutaka urudishe kama ulivyopewa. Hata pale mkataba ulipo kimya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Maneno hayo ya mwisho yashike vizuri. Terazo, ile sakafu ya simiti yenye vipande vya marumaru, iliyofifia mlangoni kwa sababu ya viatu vya watu ni uchakavu wa kawaida. Gundi uliyoimwaga juu ya terazo hiyo, na matundu ya skurubu za vyumba vya mbao ulivyosimamisha, hayo ni yako.

Halafu mwandikie mwenye jengo, miezi mitatu au zaidi kabla ya kutoka, umuulize anataka sakafu gani. Nasema umwandikie. Katika jengo moja mlinzi alituambia, "Hiyo wacheni tu, mzee hana shida nayo." Na huenda mzee hakuwa na shida kweli. Lakini kabla hatujatoka wakala wa jengo alibadilishwa, na yule mpya akaja na orodha ya madai ambayo kichwa chake kilikuwa sakafu. Kilichotuokoa ni barua pepe fupi ambayo mwenye jengo mwenyewe alikuwa ameijibu kwa mstari mmoja. Mali bila daftari huisha bila habari, na dipoziti ni mali. Mara nyingi utakuta mwenye jengo ana mpangaji mwingine mlangoni ambaye angefurahi kuachiwa vigae vile vile. Hapo kazi yote inaisha kwa barua.

Akisema anataka sakafu yake ya awali, usimwite fundi wa kung'oa kwanza. Chungulia. Inua zulia mahali patatu: karibu na mlango, chini ya dirisha, na nyuma ya kabati. Gharama kubwa haimo katika kuondoa zulia. Vijana wawili huondoa zulia la chumba kizima asubuhi moja. Gharama imo katika gundi. Mazulia ya vipande vya sentimita 50 kwa 50 huwekwa kwa gundi nyepesi inayobaki ikinata, na kipande huinuka kwa mkono. Zulia la roli lililobandikwa kwa ile gundi ya manjano ya kugusanisha huchanika, likaacha sponji na utando mgumu uliong'ang'ania sakafu. Kazi hizo mbili hazina bei moja, kwa hiyo fundi anayekupa bei kwa simu bila kuona chini anakisia tu.

Kuna jambo moja ambalo ukilikuta lazima usimame. Katika majengo ya zamani unaweza kukuta vigae vidogo vya plastiki ngumu, takriban sentimita 23 kila upande, vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi ya lami. Vigae vya aina hiyo vya zamani mara nyingi vilichanganywa na asbesto, na gundi yake pia huweza kuwa nayo. Vikiwa vizima na vimetulia hatari ni ndogo. Ukivivunja au kuvisaga kwa grinda, nyuzi zake huenda hewani na kuingia mapafuni mwa fundi wako. Kanuni za taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na kuiondoa si kazi ya mtu yeyote tu mwenye nyundo. Mjulishe mwenye jengo kwa maandishi, na ihusishe NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kabla ya mtu yeyote kugusa chochote.

Sasa terazo, ambayo ndiyo sakafu ya majengo mengi ya zamani hapa. Naipenda sakafu hii na inaniumiza kuona inavyoharibiwa siku za mwisho. Fundi mwenye haraka atakuambia lete asidi, itaondoa gundi na simiti mara moja. Mkatalie. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya simiti, na asidi hula vyote viwili. Sakafu itatoka nyeupe nyeupe na yenye vinyweleo, na kila chai itakayomwagika baadaye itaacha doa. Njia ya kweli ni ya polepole: skrepa yenye wembe mpana, ikilazwa chini ili isichimbe, gundi ikipashwa joto kidogo ilegee. Kiyeyushi chochote kijaribiwe kwanza pembeni palipofichika, madirisha yakiwa wazi. Kisha huja mashine ya kusaga kwa mawe na maji, kutoka jiwe la kukwaruza hadi jiwe laini. Maji ni ya lazima, kwa sababu vumbi kavu la simiti huharibu mapafu, na pia litaingia katika kompyuta za ofisi ya jirani.

Matundu ya skurubu yazibwe kwa vipande vya marumaru na simiti ya rangi inayolingana, si kwa simiti tupu ya kijivu. Na hapa kuna siri ya mafundi wazuri. Angalia ile mistari ya shaba au plastiki inayogawa terazo katika miraba. Ukisaga doa peke yake, litaonekana kama kiraka kwenye suruali. Saga mraba mzima mpaka kwenye mstari, na tofauti ya mng'ao itajificha pale pale ambapo jicho lilitarajia mpaka.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya kwanza, mwambie asafishe mita moja ya mraba. Mwite mwenye jengo au wakala wake aione, mpige picha, naye akubali kwa maandishi kwamba hicho ndicho kiwango. Sijaona njia bora ya kuzuia ubishi.

Vigae vilivyowekwa juu ya sakafu ya zamani ni kesi nyingine, na maoni yangu ni kwamba upigane kwa heshima ili vibaki. Kuvitoa kunahitaji patasi na mashine ya kugonga, na sakafu ya chini hutoka na makovu. Kifusi nacho ni kizito: kigae cha kawaida na sentimita moja ya simiti chini yake hukaribia kilo 40 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ofisi ya mita za mraba 100 inatoa karibu tani 4. Nani ataziteremsha kutoka ghorofa ya tatu, na lori litazipeleka wapi? Muulize fundi maswali hayo mapema na yaingie katika bei. Kifusi safi hupata wanaokitaka upesi, watu wanaojaza viwanja, lakini kisitupwe mtoni wala kandokando ya ziwa.

Milango husahaulika karibu kila mara. Sakafu ilipopandishwa, milango ilikatwa chini. Ukiishusha sakafu tena, kunabaki uwazi unaopitisha kidole, na wakala ataupima. Pima wewe kwanza, umpe seremala aongeze ubao chini ya kila mlango. Angalia pia skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, maana nyuma yake rangi ya ukuta huwa haikufika.

Panga kazi iishe kabla ya siku ya mwisho ya mkataba. Ukiendelea kusaga baada ya hapo, unaweza kudaiwa kodi ya siku hizo. Usikate umeme wala maji hadi mashine itoke. Kelele zifanywe Jumamosi mchana au Jumapili, kwa ruhusa ya jengo. Kama mwenye jengo anataka simiti mpya imwagwe, kumbuka kwamba simiti hukauka polepole, takriban milimita moja kwa siku, na mvua za Machi hadi Mei huichelewesha zaidi. Usikubali chochote kibandikwe juu yake kabla haijakauka. Bandika karatasi ya plastiki juu ya simiti usiku kucha. Ikiwa na matone chini yake asubuhi, simiti bado haijakauka.

Siku ya kukabidhi, tembeeni chumba kwa chumba mkiwa na picha za siku ulipoingia. Kilichobaki kiandikwe na kiwekewe bei hapo hapo. Funguo zitoke mkononi mwako baada ya sahihi. Mambo yakigoma, na mkataba wako haukuandikwa au hauzidi miaka 5, mwone wakili akuangalizie kama uko chini ya Sura ya 301, sheria ya upangaji wa maduka, hoteli na migahawa, ambayo migogoro yake husikilizwa na baraza la upangaji wa majengo ya biashara. Nenda kwake na ile barua pepe ya mstari mmoja, barua ya ruhusa, picha na ile karatasi ya mita moja.